Kwa nini sheria ya asilimia 5 haizigusi karakana za Njukini

SHERIA ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 inamtaka kila mwajiri nchini Kenya aliye na wafanyakazi 20 au zaidi kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Penye wafanyakazi 20, mmoja. Penye 200, kumi.

Kwa viwanda vya mkonge vya Kaunti ya Taita Taveta, vyenye vibarua wengi, hesabu hiyo ina uzito. Lakini Njukini, kwenye barabara itokayo Taveta kuelekea Illasit, mambo ni tofauti. Huko, kama ilivyo katika masoko mengi ya mashambani, kiwanda ni karakana ya seremala, ya mchomeleaji vyuma, au chumba cha mafundi cherehani watatu wanne. Ni nadra karakana ya namna hiyo kufikisha watu 20. Amri ya sheria inawapita, na kijana mwenye ulemavu hubaki kutegemea hiari ya mwenye karakana.

Naye mwenye karakana ana hofu moja: kwamba mtu huyo atawachelewesha wenzake. Hofu hiyo haifai kudharauliwa, hasa pale ambapo ujira hulipwa kwa idadi ya vitu vilivyokamilika, kisha wote wakagawana. Mmoja akichelewa, wote hupata kidogo.

Hata hivyo, kasi ya kikundi haipatikani kwa kujumlisha nguvu za viungo vya kila mmoja. Huamuliwa na ile hatua ya kazi inayokwenda polepole kuliko nyingine zote. Tuchukue mfano wa kikundi kinachoshona sare za shule. Mkataji akitoa vipande vya sare 15 kwa siku, mshonaji awezaye kushona 25 hatapita hizo 15. Fundi asiyeweza kukanyaga cherehani, lakini mwenye mkono stadi wa kukata, huenda ndiye hasa aliyekosekana. Kumwekea kazi ya kutia vifungo kwa kumhurumia ni hasara kwa kikundi kizima.

Cherehani yenyewe hurekebishika. Ikifungwa mota ndogo ya umeme, kikanyagio chake kinaweza kuwekwa mahali kinapobonyezwa kwa goti au kiwiko. Mkono wa kuzungusha husaidia pia, ingawa hushughulisha mkono mmoja wa fundi na kupunguza mwendo. Kwa mfanyakazi kiziwi aliye karibu na korona, mashine ikwanguayo majani ya mkonge, kinachohitajika ni taa ya kumtahadharisha pale wenzake wanapotegemea king'ora.

Hoja hii si ngeni. Katika kitabu chake cha mwaka 1922, tajiri wa magari wa Marekani, Henry Ford, alieleza kwamba kazi 7,882 za kiwanda chake zilikaguliwa moja moja. Ni 949 tu zilizohitaji wanaume wenye nguvu na afya kamili. Kazi 2,637 zingeweza kufanywa na watu wa mguu mmoja, 715 na wa mkono mmoja, 670 na wasio na miguu, na 10 na vipofu. Ford hakuwa akitoa sadaka. Alitaka magari yatoke kwa wingi.

Pwani ya Kenya nayo ina ushahidi wake. Karakana za Bombolulu, Mombasa, zilianzishwa mwaka 1969, na chini ya Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, APDK, mafundi wenye ulemavu wametengeneza mapambo, nguo na bidhaa za ngozi za kuuza hata ng'ambo. Kasoro ni moja tu: karakana iliyotengwa haimfundishi mwajiri wa kawaida namna ya kuwachanganya mafundi wake.

Serikali iliwahi kujaribu kumvuta mwajiri huyo kwa kodi. Sheria ya mwaka 2003, iliyoitangulia ya sasa, ilimruhusu mwajiri binafsi kuomba kupunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi cha asilimia 25 ya mishahara ya wafanyakazi wenye ulemavu, na asilimia 50 ya gharama za kurekebisha mahali pa kazi. Kwa kampuni yenye mhasibu, hiyo ni faida. Kwa fundi asiyetunza hata daftari la mauzo, nafuu hiyo haina kazi, na mota ya cherehani atainunua kwa fedha zake mwenyewe.