KUUNGA KAMBA: FUNDO LAKO LINASHIKA AU LINADANGANYA?

Vikundi vingi huchimba visima kwa mikono. Mmoja yuko chini, wenzake juu wanavuta ndoo ya udongo. Kamba ikiwa fupi, inaungwa na nyingine. Fundo hilo likiachia, ndoo inamwangukia mwenzetu kichwani. Basi tujifunze kufunga, na zaidi ya hapo, kukagua.

1. Fundo la kufungia mizigo
Hili ndilo skauti hufundishwa kwanza. Sema huku ukifunga: "Kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia." Kosa la wengi ni kuanza na kulia mara zote mbili. Utalijuaje? Fundo sawa hulala bapa, na kila mkia umelala pamoja na kamba yake. Fundo baya mikia yake hutokeza kando, kama msalaba. Hilo huteleza.

Lakini sikilizeni! Hata likifungwa sawasawa, fundo hili ni la kuni, gunia au bendeji. Si la kuunga kamba ya kuvutia ndoo. Likigongwa au mkia mmoja ukivutwa, linafunguka. Clifford Ashley, Mmarekani aliyetoa kitabu kikubwa cha mafundo mwaka wa 1944, alionya kwamba likitumiwa kuunga kamba, huenda limeua na kuumiza watu wengi kuliko mafundo mengine yote pamoja.

2. Fundo la kuunga kamba mbili
Kunja kamba nene iwe kama herufi U. Hiyo ni nyumba. Kamba nyembamba ni mgeni. Kumbuka maneno matatu: INGIA, ZUNGUKA, JIBANE.

- Ingia: mgeni apite ndani ya U kutoka chini kuja juu.
- Zunguka: apite nyuma ya miguu yote miwili ya U.
- Jibane: apite chini ya kamba yake mwenyewe, juu ya U. Asirudi tena ndani ya U.

Kaza polepole. Kama kamba ni ya nailoni inayoteleza, au moja ni nene sana, zungusha na kujibana mara mbili.

3. Kagua kabla ya kuvuta
(a) Mikia yote miwili iko upande mmoja? Ikiwa mmoja uko huku na mwingine kule, fungua, uzungushe kwa kupitia upande ule mwingine.
(b) Kila mkia umebaki angalau shibiri moja?
(c) Kamba imechakaa? Fundo zuri haliponyi kamba mbovu.

Fundo hili hulegea kamba isipokuwa na mzigo. Kwa hiyo likagueni kila mara kabla ya kushusha ndoo. Na mtu asiteremshwe kisimani kwa kamba iliyoungwa, hata kama haraka ni kubwa namna gani.

Katika mkutano ujao, leteni vipande viwili vya kamba. Kila mwanachama afunge, na jirani yake akague. Anayekagua fundo la mwenzake analinda maisha yake.