UMEME HURUDI ULIKOTOKA: NYUTRO NA ETHI KATIKA NYUMBA YENYE UMEME WA JUA

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha huko Kongwa mradi mkubwa wa kulima karanga. Matrekta yaliletwa na vichaka vikang'olewa, lakini ilipofika mwaka 1951 mradi uliachwa. Miongoni mwa sababu za kushindwa huko ilikuwa ardhi yenyewe. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao, mvua zikiisha, hukauka na kuwa mgumu mfano wa tofali, hata karanga zilizokomaa zikawa hazing'oleki kwa urahisi.

Udongo ule ule leo unamhusu fundi wa umeme. Katika vitongoji ambavyo havijafikiwa na nguzo za TANESCO, paneli za jua huwekwa juu ya bati, betri hujazwa mchana, na inveta huugeuza mkondo mnyoofu wa betri kuwa mkondo geu wa volti 230. Umeme huo waweza kuendesha jokofu, pasi na televisheni. Fundi hupigilia fimbo ya ethi nje ya ukuta, hufunga waya, kisha huamini kwamba wenye nyumba wamekwisha kukingwa. Imani hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza inahusu tabia ya umeme, na ya pili inahusu udongo.

Ardhi si kaburi la umeme

Watu wengi hudhani kwamba ardhi huumeza umeme, kama vile mchanga unavyomeza maji. Sivyo. Mkondo wa umeme hutoka kwenye chanzo chake, hupita katika sakiti, na hauna budi kurudi kwenye chanzo kile kile. Sakiti ikikatika mahali popote, mkondo husimama. Ardhi ni kipitishi tu, njia mojawapo ya kurudia. Jambo hili lilitumiwa zamani katika simu za maandishi: mwaka 1838 Carl August von Steinheil alionyesha huko Munich kwamba waya mmoja unatosha, kwa kuwa mkondo waweza kurudi kwa njia ya ardhi. Lakini ilimbidi afukie bamba la chuma katika ncha zote mbili za safari. Bamba moja peke yake lisingefaa kitu.

Katika umeme wa TANESCO kazi ya bamba la upande wa chanzo hufanyika kwenye transfoma. Hapo waya wa nyutro umeunganishwa na ardhi. Ndiyo sababu mtu aliyesimama chini akigusa waya wenye moto hupigwa: mkondo hupita mwilini mwake, huingia ardhini, na kurudi kwenye transfoma.

Nyumba ya umeme wa jua haina transfoma ya barabarani. Chanzo chake ni inveta iliyo ukutani. Inveta nyingi hutoka kiwandani nyaya zake mbili zikiwa hazina uhusiano na ardhi. Kwa lugha ya mafundi, nyutro yake inaelea. Fimbo ya ethi ikipigiliwa bila kuunganishwa na nyutro hiyo, ni sawa na daraja lililofika katikati ya mto.

Hatari iliyojificha

Ichukuliwe mfano wa nyumba ambayo nyutro inaelea, na soketi zake ni za matundu mawili, zisizo na waya wa ethi. Siku moja waya wa moto ndani ya jokofu unachubuka na kugusa bodi ya chuma. Kwa kuwa mkondo hauna njia ya kurudi, hakuna fyuzi inayokatika wala dalili yoyote inayoonekana. Jokofu linaendelea kupoza maji. Baada ya wiki kadhaa waya wa nyutro wa pasi nao unachubuka na kugusa chuma chake. Pasi inaendelea kupata moto kama kawaida. Kisha mama wa nyumba, akiwa ameshika pasi kwa mkono mmoja, anafungua jokofu kwa mkono wa pili. Volti 230 zinapita kifuani mwake.

Hata swichi ya kukata umeme unaovuja, ambayo mafundi huiita RCD, haitamwokoa mama huyu. Swichi hiyo hulinganisha mkondo unaotoka katika waya wa moto na ule unaorudi katika nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Katika ajali hii mkondo wote uliotoka umerudi kwa nyutro, ingawa umepita katika mwili wa mtu. Swichi haioni tofauti yoyote.

Basi dawa ni nini? Kwanza, bodi zote za chuma ziunganishwe kwa waya mmoja wa ethi, wenye rangi ya kijani na manjano. Pili, waya huo uunganishwe na nyutro mahali pamoja, upande wa inveta, kabla ya kufika kwenye RCD. Hapo waya wa moto ukigusa bodi ya jokofu, mkondo hupata njia ya shaba ya kurudi kwenye inveta bila kupita katika swichi. RCD huona tofauti na kukata papo hapo, siku ile ile kasoro inapotokea, kabla mtu hajagusa.

Kwa nini fyuzi ya kawaida haitoshi? Inveta ya wati 2000 hutoa kama ampea 8.7 tu katika volti 230, na ikizidiwa hujizima yenyewe. Haina nguvu za transfoma ya barabarani za kukata kwa haraka fyuzi ya ampea 16. Kwa hiyo kuunganisha nyutro na ethi bila kuweka RCD ni kazi nusu. Zaidi ya hayo, nyutro ikiisha kuunganishwa na ardhi, mtu anayegusa waya wa moto akiwa amesimama chini hupigwa kwa mguso wa kwanza. Hapo RCD ndiyo mlinzi wake.

Udongo mkavu na hesabu yake

Sasa ni zamu ya udongo. Ukinzani wa fimbo ya ethi hutegemea urefu wake, na zaidi sana unyevu na chumvi zilizomo ardhini. Fimbo ya meta 1.5 yenye unene wa milimeta 16, katika udongo wenye ukinzani mahsusi wa omu-meta 100, huwa na ukinzani wa omu 60 hivi. Katika udongo mkavu wa omu-meta 1000, fimbo hiyo hiyo hufikia omu 600. Kongwa ina msimu mmoja wa mvua, na miezi mingi inayosalia ni ya kiangazi. Fimbo iliyopimwa vyema mwezi Februari yaweza kuwa mbovu mwezi Oktoba.

Kwa kanuni ya Ohm, volti 230 zikigawanywa kwa omu 600 hutoa ampea 0.38. Mkondo huo hauwezi kukata hata fyuzi ya ampea 5, lakini ni zaidi ya mara kumi ya miliampea 30. Kwa hiyo aliyetegemea fimbo na fyuzi peke yake hana kinga, na aliyeunganisha nyutro na ethi na kuweka RCD anayo, hata udongo ukikauka. Hata hivyo yafaa fimbo ipigiliwe kwa kina, mahali penye unyevu, kama vile karibu na maji ya kuogea yanapomwagika.

Mahali pamoja tu

Kiungo cha nyutro na ethi kiwe kimoja. Vikiwa viwili, mkondo wa kawaida hugawanyika, sehemu yake ikapita katika waya wa ethi ambao haukukusudiwa kubeba mzigo, na RCD huanza kukata ovyo au kushindwa kufanya kazi yake. Jambo hili huwa zito pale nguzo zinapofika kijijini na nyumba ikawa na vyanzo viwili. Hapo swichi ya kubadilisha chanzo igeuze nyaya zote mbili, moto na nyutro, ili umeme wa inveta usirudi kwenye nguzo na kumuua fundi aliyedhani kwamba laini imezimwa. Inveta nyingine zina kifaa cha ndani ambacho hufunga kiungo zinapotumia betri, na kukifungua umeme wa nje unapoingia.

Onyo: baadhi ya inveta za bei nafuu hazikutenganisha upande wa betri na upande wa volti 230. Kuunganisha nyutro yake na ethi kwaweza kuiunguza. Kitabu cha mtengenezaji kisomwe kwanza, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha kanuni hii bila hatari. Zinahitajika betri nne za tochi zilizofungwa mfululizo, mita ya miliampea na misumari miwili mirefu. Upande mmoja wa betri uunganishwe na mita, na mita iunganishwe na msumari uliopigiliwa uwanjani. Mshale hautatikisika. Kisha upande wa pili wa betri uunganishwe na msumari wa pili, hatua moja kutoka wa kwanza. Sasa mshale utasogea kidogo. Maji ya chumvi yamwagwe kwenye misumari yote miwili, na wanafunzi waandike vipimo kabla na baada ya kumwaga.

Jaribio hilo lirudiwe mwezi Machi na mwezi Septemba, misumari ikiwa mahali pale pale. Wanafunzi watakuwa wameipima kwa mikono yao ardhi iliyowashinda wenye matrekta, na watajua kwa nini fimbo peke yake haitoshi kulinda nyumba zao.