Kutunza Maua ya Pareto Nyumbani

Mkulima wa pareto hulipwa kwa kitu asichoweza kukiona. Ua alilolichuma lina rangi na uzito, walakini mnunuzi atakacho ni dawa ya kuulia wadudu iliyofichika ndani ya kiini chake. Katika kilo 100 za maua makavu, dawa hiyo ni kilo moja au mbili tu. Yaliyosalia ni makapi. Basi maua mawili yaweza kufanana kama mapacha, moja likawa na dawa nyingi na la pili likawa halina nguvu, na tofauti yao ni jinsi yalivyotunzwa nyumbani.

Asili ya mmea huu ni Dalmatia, kando ya bahari ya Adriatiki, katika nchi iitwayo leo Kroatia. Kabla ya vita vya 1939 hadi 1945, Japani ndiyo iliyouza pareto nyingi ulimwenguni. Vita vilipoikata biashara hiyo, Kenya ikashika nafasi yake. Na hata leo pareto hulimwa katika nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Rwanda. Dawa yake hupendwa kwa kuwa huua wadudu upesi, kisha yenyewe huharibika ipigwapo na jua. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo hatari kwa mkulima, maana dawa isiyostahimili jua huweza kumtoroka kabla hajaiuza.

KUCHUMA. Chuma maua ambayo majani yake meupe yamenyooka, na vijiua vya manjano vya katikati vimefunguka kiasi cha robo tatu. Ua changa halijajaa dawa. Ngoja umande ukauke kwanza, wala usichume pamoja na vikonyo, kwa kuwa huongeza uzito bila kuongeza dawa. Tumia kikapu kipitishacho hewa, na usishindilie. Maua mabichi yakirundikwa hupata joto, huvunda, na kugeuka rangi ya udongo.

KUANIKA. Anika siku ile ile uliyochuma. Yatandaze juu ya kichanja cha wavu au jamvi safi, tabaka jembamba, wala si juu ya ardhi tupu. Yageuze mara kwa mara. Jioni uyaanue hata kama mbingu ni nyeupe, kwa sababu umande wa usiku mmoja waweza kuharibu kazi ya mchana kutwa. Mwenye kaushio la moto asipitishe joto la digrii 50 za sentigredi. Joto kali huharibu dawa. Kupata kilo moja ya maua makavu huhitaji kilo 4 au 5 za mabichi. Ili kujua kama yamekauka, bonyeza kiini kwa vidole: kikivunjika vipande, yamekauka, kikinyumbuka, bado yana maji.

KUWEKA. Hapa ndipo wengi hukosea. Maua yakiisha kukauka yatoe juani mara moja, yapoe kivulini, kisha uyatie katika gunia safi lisilowahi kutiwa mbolea wala dawa nyingine. Weka gunia juu ya mbao, penye giza na pakavu, mbali na ukuta na meko. Usiyasage, kwa maana unga hupoteza dawa upesi kuliko ua zima. Wala usichanganye maua ya leo yenye unyevu na ya juzi yaliyokauka. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Na ndivyo ukungu ufanyavyo katika gunia. Tena haifai watu kulala katika chumba chenye maua hayo, kwa kuwa huwapigisha wengine chafya na kuwatoa upele. Aliyeyashika na anawe mikono kabla ya kula.

Wako wafichao magunia yao miezi mingi wakingojea bei ipande. Hao na wakumbuke kwamba dawa hupungua kila mwezi, hata katika ghala nzuri. Bei ikipanda huku dawa ikishuka, faida iko wapi?

Ndugu mkulima, fikiri ni mikono ya nani iliyojaza gunia lako. Katika nyumba nyingi ni mikono ya mama, ambaye huchuma ua moja moja kwa vidole, na kila baada ya wiki mbili au tatu hurudi shambani kuanza tena. Akileta kilo 20 jioni, hizo zitakuwa kilo 4 au 5 tu zikikauka. Zikiachwa nje mvua ikanyesha, taabu yake imekwenda bure, na karo ya mtoto imekwenda nayo. Kazi ya kuvuna pareto haiishi shambani. Huisha siku maua yanapopimwa, yakaonekana kuwa dawa yake ingalimo.