Kondensa za Hewa katika Usiku wa Baridi: Suala la Shinikizo katika Nyanda za Juu

Hudhaniwa kwamba hewa ya nje ikipoa, mtambo wa chumba cha baridi hupata nafuu. Ni kweli nusu tu. Vali ya upanuzi hupitisha kimiminika kwa kutegemea tofauti ya shinikizo kati ya kondensa na evaporeta. Gesi ya R-134a ikigeuka kimiminika kwenye nyuzijoto 40, shinikizo lake halisi ni takriban bari 10. Kwenye nyuzijoto 15 halifiki 5. Evaporeta ikikosa kimiminika cha kutosha, maziwa hupata joto ilhali nje watu wamejifunika mablanketi.

Katika nchi za theluji, kondensa hujazwa kimiminika kwa sehemu ili eneo la kutoa joto lipungue. Huko yafaa, lakini njia hiyo hudai gesi zaidi na tangi kubwa zaidi, na kila kilo ya ziada yaweza kuvuja. Njombe au Kinangop, ambako baridi ya usiku mara chache hufikia ugandaji, kupunguza kasi ya feni kwa kufuata shinikizo kwa kawaida hutosha. (Kuwasha na kuzima feni ni rahisi zaidi, ila huyumbisha shinikizo.) Zabuni zinazonakili vigezo vya Ulaya huongeza gesi ileile ambayo Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanataka ipunguzwe.