Ukungu wa Jicho na Maradhi ya Damu

Mtu wa Mpanda ambaye mbwa wake alirudi kutoka porini akiwa mzima, kisha baada ya wiki mbili tatu akanyong'onyea, akakataa chakula, uso ukamvimba, na macho yote mawili yakatanda utando mweupe wenye ubuluu, aghalabu hudhani ya kuwa maradhi yamo jichoni, akatafuta marhamu ya kupaka. Ilhali chanzo huenda kimo damuni.

Misitu ya miombo inayoizunguka Mpanda na kuendelea hadi Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, ni makao ya kale ya mbung'o, ambao wengi huwaita ndorobo. Nzi huyu huvichukua vimelea viitwavyo tripanosoma katika damu ya nyati, ngiri au pongo, ambao hawadhuriki navyo sana, na baada ya kukomaa mwilini mwake humwambukiza mbwa amfuataye mwindaji au mrina asali. Ndiyo nagana, ambayo David Bruce, tabibu wa jeshi la Uingereza, aliibainisha sababu yake huko Zululand mwaka 1895.

Kimelea kilichopewa jina la Bruce hakikomei katika mishipa ya damu, bali hupenya hadi kwenye ubongo na maji yaliyo ndani ya jicho. Mwili ukipambana nacho humo, konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho, hufura kwa maji na kupoteza uangavu wake. Hivyo marhamu, ijapotuliza maumivu, haiufikii mzizi.

Mate ya swila au mwiba pia huweza kulitia jicho ukungu, lakini hayo huja ghafla, bila ya homa wala fizi kupauka. Yakini hupatikana kwa kupima damu kwa hadubini, tena pengine zaidi ya mara moja, kwani vimelea huzidi na kupungua kwa zamu. Dawa itumikayo sana ni diminazini, ile ile wachomwayo ng'ombe. Illa kipimo kikizidi humdhuru mbwa ubongo, nayo haipenyi vyema jichoni wala ubongoni, ndipo mbwa aliyedhaniwa amepona akarudiwa na homa.

Basi mwenye mbwa na amwite bwana mifugo kabla ukungu haujawa kovu, wala asichome sindano kwa kukadiria. Na kwa kuwa aina mojawapo ya kimelea hiki huleta malale kwa binadamu, mwindaji ashikwaye na homa baada ya safari ile ile asitosheke na dawa za malaria, bali aende hospitali, aeleze alikopita, apimwe damu.