Matete Yasafishayo Maji ya Visima vya Mafuta

Wengi hudhani kwamba kisima cha mafuta hutoa mafuta matupu. Sivyo. Huko Nimr, kusini mwa Oman, kila pipa moja la mafuta hupanda pamoja na mapipa kama 10 ya maji ya chumvi. Zamani maji hayo yalirudishwa chini sana ardhini kwa pampu zilizokula nguvu nyingi. Tangu mwaka 2011 sehemu kubwa yake, ambayo sasa ni zaidi ya meta za ujazo 100,000 kwa siku, husafishwa jangwani kwa matete.

Kwanza maji huzungushwa kwa kasi mitamboni: yaliyo mazito husukumwa pembeni, mafuta yakabaki katikati. Kisha huteremka polepole kati ya matete, kwa mteremko wa ardhi tu. Si matete yalayo mafuta yaliyosalia, kama wanafunzi wangu wapendavyo kujibu. Ni bakteria waishio mizizini, ambao huyavunjavunja kuwa kaboni dayoksaidi na maji. Chumvi, hata hivyo, hailiwi na kiumbe yeyote. Kadiri jua linavyokausha maji ndivyo inavyozidi, hata yatokayo mwisho hayafai kunywa wala kumwagilia mahindi. Huifaa mimea ivumiliayo chumvi, na mengine huachwa yakauke madimbwini. Ndege wahamao, ambao hawakuulizwa, wamekwisha kuyafanya mabwawa hayo kituo chao.