Mahindi, chokaa na presha ya ujauzito

Miaka ya 1970, watafiti wa lishe waliokuwa wakifanya kazi Guatemala walikutana na jambo lililowasumbua akili. Kifafa cha mimba kwa kawaida huwaandama zaidi wanawake maskini, wasio na chakula cha kutosha wala kliniki ya karibu. Wanawake wa Kimaya wa nyanda za juu za nchi ile walikuwa na dhiki zote hizo, na bado ugonjwa huo kwao ulikuwa nadra. Mwaka 1980 daktari wa Kiajentina, José Belizán, pamoja na mwenzake José Villar, walichapisha dhana iliyoonekana ya ajabu kidogo: huenda kinga yenyewe inatoka jikoni, kwenye chokaa wanachopikia mahindi.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa. Mjamzito akishapita wiki ya 20, presha yake ikafika 140 kwa 90 au kuzidi, na mkojo ukaonyesha protini, ameingia katika hatua inayotangulia kifafa cha mimba. Wengine hawasikii chochote. Wengine hufikia kuanguka na kukakamaa mwili mzima, na hapo maisha ya mama na mtoto yako hatarini. Dawa ya kuumaliza ugonjwa ni kujifungua tu. Kabla ya hapo madaktari wanachofanya ni kuzuia na kupunguza makali.

Sasa turudi jikoni kwa Wamaya. Jioni, punje kavu za mahindi humiminwa chunguni pamoja na maji na chokaa kidogo cha chakula. Huchemka kwa moto mdogo, kisha chungu huepuliwa na kuachwa usiku kucha. Asubuhi maji yamegeuka manjano mazito, na maganda ya punje yamelegea kiasi kwamba ukisugua kwa viganja yanateleza na kuondoka. Mahindi huoshwa mara kadhaa, husagwa yangali na maji juu ya jiwe, na donge linalopatikana hupigwapigwa kwa mikono likawa mkate mwembamba, tortilla, unaookwa juu ya kigae cha udongo. Mahindi yaliyopitia hatua hizo huitwa nixtamal. Ustadi huo una zaidi ya miaka 3,000 katika Amerika ya Kati, na zao lenyewe ni la kale zaidi: wakulima wa bonde la mto Balsas, kusini mwa Mexico, walianza kuyageuza majani pori ya teosinte kuwa mahindi yapata miaka 9,000 iliyopita.

Chokaa kinafanya kazi tatu kwa mpigo. Vitamini B3 iliyomo kwenye mahindi imefungwa kiasi kwamba tumbo haliwezi kuichukua, chokaa huifungua. Sumu ya ukungu iitwayo fumonisini hupungua, nyingine ikivunjwa na nyingine ikimwagwa na maji ya kuoshea. Na kalsiamu ya chokaa hupenya ndani ya punje. Gramu 100 za mahindi yetu makavu zina kalsiamu isiyofika miligramu 10. Tortilla ya kienyeji ina mara kumi ya hiyo au zaidi, na mtu anayekula tortilla asubuhi, mchana na jioni anakusanya kiasi cha kutosha bila kuona maziwa.

Mahindi yalipovuka bahari baada ya 1492, yalivuka peke yake. Wahispania walichukua mbegu, wakaacha mapishi. Kufikia 1735 daktari Gaspar Casal alikuwa akiwaona wakulima wa Asturias, kaskazini mwa Hispania, wakiwa na ngozi iliyobabuka mikononi na shingoni. Ndio ugonjwa wa pelagra, unaotokana na upungufu wa vitamini B3 kwa watu wanaoishi kwa mahindi matupu. Tusidhani ni habari za kale. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini Malawi walipokosa mgao wa karanga na kubakiwa na mahindi, zaidi ya watu 18,000 walipata pelagra.

Kwetu Afrika Mashariki mahindi yaliletwa na Wareno, na kwa muda mrefu yalikuwa zao la pembeni. Yalitawala sahani zetu katika karne ya 20 tu. Mbegu chotara ya kwanza iliyopendwa na wakulima wadogo wa Kenya, H611, ilitolewa Kitale mwaka 1964, na mzazi wake mmoja ni mbegu iliyotoka Ecuador. Yaani tulirudi Amerika mara ya pili kuchukua mbegu, na mara hiyo nayo hakuna aliyeuliza wenyewe wanaipikaje. Kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa la utafiti wa kilimo wa enzi ile: gunia kwa ekari lilipimwa kwa makini, kilichomo ndani ya gunia hakikupimwa.

Je, Belizán na Villar walikuwa sahihi? Jibu la kweli lina kona nyingi, na ni vizuri msomaji azione. Dhana yao ilisema mwili ukikosa kalsiamu hupandisha homoni zinazoisukuma kalsiamu kuingia ndani ya misuli ya mishipa ya damu. Mishipa hubana, presha hupanda. Wakaijaribu. Mwaka 1991, Belizán na wenzake huko Argentina waliripoti majaribio ya wajawazito wapatao 1,200: waliopewa gramu 2 za kalsiamu kwa siku, asilimia 9.8 walipata matatizo ya presha. Waliopewa vidonge bandia, asilimia 14.8. Lakini mwaka 1997 jaribio kubwa la Marekani, lenye wanawake zaidi ya 4,500, halikuona faida yoyote. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani likaripoti jaribio la wajawazito zaidi ya 8,000 katika nchi ambazo mlo una kalsiamu kidogo: idadi ya waliougua haikupungua kwa kiwango cha kutegemewa, ila makali ya ugonjwa yalipungua, kifafa chenyewe kikiwemo.

Wamarekani wale walikuwa wakinywa maziwa. Ukimwongezea kalsiamu mtu aliyetosheka, humwongezei kitu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wa maeneo yenye kalsiamu haba tu. Tatizo ni kwamba hivyo ni vidonge vitatu au vinne vikubwa kila siku, tena vimezwe mbali na vidonge vya madini ya chuma kwa saa kadhaa ili visizuiane. Nchi nyingi zikaliacha pendekezo hilo kwenye makabrasha.

Hapo ndipo Dar es Salaam inapoingia. Majaribio mawili yaliyochapishwa Januari 2024, moja Tanzania na jingine Bengaluru, India, yaliandikisha wanawake 11,000 kila nchi, wote wakiwa na mimba ya kwanza. Nusu walipewa miligramu 1,500 kwa siku, nusu miligramu 500. Tanzania, waliopata dalili za awali za kifafa cha mimba walikuwa asilimia 3.0 kwa dozi ndogo na 2.7 kwa dozi kubwa, India, 3.0 na 3.6. Kwa lugha nyepesi, kidonge kimoja hakikuzidiwa na vitatu. Tuwe waangalifu hata hivyo: hakukuwa na kundi lisilopewa kalsiamu kabisa, hivyo majaribio hayo hayatuambii kalsiamu yenyewe inakinga kwa kiasi gani. Yanatuambia kwamba serikali ikiamua kuigawa, gharama inaweza kushuka mara tatu.

Msomaji atauliza: basi tuanze kuloweka mahindi kwa chokaa? Chokaa cha kupakia nyumba, hapana kabisa. Hakikutengenezwa kwa kuliwa. Na wale wanaodhani magadi ya kwenye makande yanafanya kazi hiyohiyo wanakosea. Magadi ni sodiamu. Hayaleti kalsiamu, na mwenye presha hayamfai.

Jibu letu liko karibu zaidi. Ulezi, ambao Wakenya wanauita wimbi, ni nafaka iliyozaliwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, na gramu 100 zake zina kalsiamu ya miligramu 340 hivi. Hakuna nafaka kuu inayoukaribia. Sehemu ya kalsiamu hiyo hushikwa na kemikali ya nafaka iitwayo fitati, lakini kuuchachusha au kuuotesha ukawa kimea hupunguza kizuizi hicho. Bibi zetu waliwapa wajawazito na wazazi uji wa ulezi bila kusubiri jarida la kitabibu. Kwa nini tuliuacha? Palizi yake inatesa, kwa kuwa gugu linalouvamia limefanana nao tangu linapochipua. Huvunwa suke moja moja kwa kisu. Na ugonjwa wa ukungu, blasti, unaweza kulikausha shamba. Hayo yote ni mambo ambayo watafiti wa mbegu wanayaweza wakipewa fedha. Huko Kilimanjaro ulezi umenusurika kwa kiasi fulani kwa sababu ya pombe ya mbege, ambayo mjamzito haimhusu.

Dagaa wakiliwa wazima na mifupa yao, maziwa, mtindi, uji wa ulezi: mjamzito akipata viwili kati ya hivyo kila siku, ugali wake umepata mwenzake. Chakula hakichukui nafasi ya kipimo. Anza kliniki kabla ya wiki ya 12, na usiondoke bila kupimwa presha na mkojo. Ukiumwa kichwa kisichotulia, ukiona maruweruwe, ukisikia maumivu chini ya mbavu za kulia, au uso na mikono ikivimba ghafla, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.